Ndege Inaelea, Inadunda au Inayumba Wakati wa Kutua: Dalili, Sababu na Tiba

Malalamiko ya marubani wanafunzi kuhusu kutua hayabadiliki: ndege inaelea na kukataa kushuka, inadunda, inatua kwa kishindo, inavutwa pembeni, pua inatetema, breki hazishiki. Mwongozo huu unazichukua dalili hizo moja baada ya nyingine, na sababu zimepangwa kuanzia inayotokea sana hadi ya nadra. Unalenga ndege ndogo ya injini moja yenye gurudumu la mbele, mfano Cessna 172 au Piper PA-28. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na haya, fuata kitabu. Na mbinu yoyote iliyo ngeni kwako, ijaribu kwanza mwalimu akiwa kiti cha kulia.

Kabla ya kulaumu mikono

Kasoro nyingi zinazoonekana sekunde tano za mwisho zilizaliwa nusu dakika nyuma, na chanzo chake mara nyingi ni kasi. Kwa hiyo hakiki haya kwanza, hata kama dalili yako inaonekana haihusiani nayo.

*Kasi ya kukaribia.* Kanuni ya jumla ni mara 1.3 ya kasi ya stoli, yaani kasi ambayo chini yake mabawa huacha kuibeba ndege, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa zimeshushwa kwa kutua. Kwa Cessna 172S yenye flapu kamili, kitabu kinatoa noti (maili za baharini kwa saa) 60 hadi 70. Uzito ukipungua kwa asilimia 10, kasi inayofaa hupungua kwa takriban asilimia 5. Mwanafunzi aliyezoea kuruka na mwalimu hukutana na jambo hili siku anapobaki peke yake: kasi ile ile ya jana leo imekuwa kubwa mno.

*Dharuba, yaani upepo unaovuma kwa ghafla.* Upepo ukiwa noti 12 wenye dharuba za noti 20, tofauti ni 8. Ongeza nusu yake kwenye kasi ya kukaribia, noti 4, basi. Wengi huongeza 10 wakidhani wanajiwekea akiba ya usalama, kisha wanashangaa ndege haitui.

*Mteremko.* Mteremko wa kawaida ni nyuzi 3. Kama uwanja una taa za PAPI, zinazokuonyesha kama mteremko wako ni sahihi, utaona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Zisipokuwepo, zidisha kasi yako juu ya ardhi kwa 5 upate futi za kushuka kwa dakika: noti 65 ni kama futi 325.

*Trimu, kirekebishi kinachoishikilia pua bila wewe kukaza mkono.* Ukiachia usukani kidogo na pua ikachomoka juu au ikazama, trimu haijakaa. Irekebishe sasa, kwa sababu chini huko hutakuwa na mkono wa ziada.

Ukifika futi 500 juu ya uwanja na kasi, mteremko au mstari wa kati wa barabara ya kutulia bado havijatulia, acha kutua na upae upya.

Linalobaki ni macho. Unapoanza kunyanyua pua, futi 10 hadi 20 kutoka ardhini, yatoe macho kwenye eneo ulilokuwa unalilenga na uyapeleke mbali, karibu na mwisho wa barabara. Ukitazama chini mbele ya pua, ardhi inapita kwa kasi kiasi kwamba huwezi kupima kimo. Utavuta usukani ghafla au utachelewa kuvuta. Ukitazama mbali, kushuka kwako kunaonekana kwa kingo za barabara kupanda pande zote mbili za macho yako. Kosa hili la macho lina sehemu katika karibu kila dalili iliyo hapa chini.

Dalili: ndege inaelea, barabara inaisha

Sababu za kawaida, kwa mpangilio:

1. Kasi imezidi. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, umbali wa kutua huongezeka kwa takriban asilimia 21, kwa kuwa nishati ya mwendo huenda kwa mraba wa kasi.
2. Nguvu ya injini haikufungwa yote. Hata mizunguko mia mbili ya ziada kwa dakika inatosha kuifanya ndege ielee. Rudisha throtli (kitasa cha nguvu ya injini) nyuma hadi kikomo chake uhakikishe.
3. Upepo wa nyuma. Tazama soksi ya upepo ukiwa bado juu, tena usitegemee ile uliyoiona ulipokuwa unajiandaa kuingia.
4. Flapu hazikushuka hadi pale ulipodhani. Geuza shingo uzitazame zenyewe, usiridhike na nafasi ya kitasa.

Kinachofanya kuelea kuonekane kama ukaidi wa ndege ni ukaribu wa ardhi, unaozuia mizunguko ya hewa kwenye ncha za mabawa. Bawa likiwa kimo cha robo ya urefu wa mabawa yote (kwa Cessna 172, chini kidogo ya mita 3), ukinzani unaotokana na kubeba uzito hupungua kwa karibu robo. Kile ambacho kingekupunguzia mwendo kimeondoka, na kadiri unavyozidi kushuka ndivyo kinavyozidi kuondoka.

La kufanya: shikilia pua pale ilipo, ongeza kuvuta kidogo kidogo kadiri kasi inavyokufa, usiilazimishe ndege ishuke. Kusukuma usukani ili uguse ndiko kunakozaa dalili mbili zinazofuata. Weka alama mapema: kama magurudumu hayajagusa ndani ya theluthi ya kwanza ya barabara, paa upya. Katika uwanja wa Toronto, tarehe 2 Agosti 2005, Airbus A340 iligusa mbali sana kwenye barabara yenye maji, ikapitiliza mwisho na kuungua. Watu wote 309 walitoka hai.

Dalili: ulinyanyua pua, ndege ikapanda tena

Hapa kuna kuvuta kwa haraka mno kukiwa na kasi bado mkononi, au dharuba iliyofika wakati mbaya, au vyote viwili. Barabara pana kuliko uliyoizoea nayo huchangia: hukufanya uone kuwa uko chini kuliko ulivyo, ukavuta mapema.

Ikiwa imepanda kidogo tu, acha kuvuta, usisukume. Subiri ianze kushuka yenyewe, ongeza nguvu kidogo kupoza kushuka, kisha nyanyua pua upya. Ikiwa imepanda kimo cha nyumba, au kasi inakufa na pua iko juu, usijadiliane nayo: nguvu kamili. Ukikaa kimya hapo, dalili itakayofuata ni kishindo.

Dalili: inatua kwa kishindo

Tofautisha aina mbili kwanza, maana tiba zake zinapingana.

*Ndege iliifuata ardhi hadi ikaigonga.* Pua haikunyanyuliwa kwa wakati. Mara nyingi macho yalikuwa karibu mno. Au barabara ni nyembamba, ambayo humfanya rubani aone yuko juu kuliko ukweli. Barabara inayopanda mlima hudanganya vivyo hivyo, na mvua kwenye kioo cha mbele pia. Usiku, uwanja uliozungukwa na giza tupu huwavuta marubani chini ya mteremko bila wao kujua. Katika hali zote hizi amini PAPI na kipimo cha kimo kuliko jicho.

*Ndege ilisimama hewani kisha ikaanguka.* Hapa pua ilinyanyuliwa juu mno, au nguvu ilifungwa mapema kasi ikiwa ndogo. Mkato wa upepo karibu na ardhi hufanya hivyo pia: ukiwa na upepo wa mbele wa noti 15 ukashuka ghafla hadi 5, umepoteza noti 10 za kasi ya hewa bila kugusa chochote. Ukihisi ndege inazama chini yako, ongeza nguvu kabla ya kuvuta. Kuvuta peke yake bawa likiwa karibu na stoli kunaongeza tatizo.

Kuna sababu ya tatu isiyotajwa sana. Watu wawili wazito mbele, viti vya nyuma na sehemu ya mizigo vitupu: kitovu cha uzito kimesogea mbele, na elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) inahitaji nguvu nyingi zaidi kuinua pua, hasa injini ikiwa imefungwa. Ukiona usukani umefika karibu na kifua na pua bado ni nzito, fanya hesabu ya uzito na mizani kabla ya safari inayofuata.

Na kwenye viwanja vya nyanda za juu, hewa nyepesi huongeza kasi halisi kwa takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000. Ardhi inaonekana kukimbia, rubani anapunguza mwendo kwa jicho, na ndege inaanguka. Kasi ya kwenye kipimo inabaki ile ile ya pwani. Kinachobadilika ni urefu wa barabara unaohitaji.

Dalili: inadunda, kisha inadunda zaidi

Mdundo mmoja mdogo, pua ikiwa mahali pake, ni jambo la kumalizwa: shikilia pua hivyo hivyo, ongeza nguvu kidogo, iache ikae tena.

Hatari ni mdundo wa kipomboo: ndege inagusa gurudumu la mbele kwanza, pua inarushwa juu, rubani anasukuma usukani, pua inashuka kwa nguvu kubwa kuliko ya kwanza, inarushwa juu zaidi. Mikono ya rubani inachelewa nusu hatua nyuma ya ndege, hivyo kila sahihisho linafika likiwa limeshageuka kuwa kosa. Hakuna ustadi wa usukani unaoweza kuushinda mchezo huu. Mwisho wake ni propela kupiga lami, gurudumu la mbele kuvunjika, au vyote.

Ndege kubwa hazina kinga. Tarehe 23 Machi 2009, ndege ya mizigo aina ya MD-11 ilidunda ikitua Narita, Japani, ikavunjika bawa, ikapinduka na kuungua. Marubani wote wawili walikufa.

Sababu za kawaida: kasi kubwa pamoja na kulazimisha kugusa; kuchelewa kunyanyua pua; mara chache, shokomzoba ya gurudumu la mbele iliyokosa hewa au mafuta, ambayo huonekana ndege ikiwa imeegeshwa kwa mrija wake unaong'aa kuwa mfupi kuliko kitabu kinavyotaka.

Mdundo wa pili ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza, usisubiri wa tatu. Paa upya hivi:

1. Throtli hadi mwisho kwa mkupuo mmoja laini. Kama injini ina kabureta, funga joto la kabureta.
2. Zuia pua. Trimu ya kutua pamoja na nguvu kamili huirusha pua juu; itabidi usukume usukani kwa nguvu halisi ili ibaki mahali pa kupanda. Pedali ya kulia ikanyage, kwani pua itavutwa kushoto.
3. Flapu za Cessna 172 kutoka nyuzi 30 hadi 20 mara moja. Zilizobaki zipandishe kwa hatua, kasi ya kitabu ikiwa imefika na ndege inapanda. Kupandisha zote kwa mkupuo karibu na ardhi huirudisha ndege chini.
4. Redio baadaye. Mnara unaona.

Magurudumu yakigusa tena wakati unaongeza nguvu, hilo si kosa, endelea kupaa. Isipokuwa umesikia propela ikipiga chini: hapo funga nguvu na ubaki ardhini.

Dalili: inasukumwa pembeni ya barabara kabla ya kugusa

Upepo wa ubavuni unaeleweka na wengi wakiwa darasani, ila hewani mikono huchanganya kazi mbili ambazo ni tofauti. Bawa ndilo linalozuia ndege kusukumwa. Pedali ndizo zinazonyoosha pua. Ukiona unasogea kushoto, inamisha bawa la kulia. Ukiona pua haiendi sambamba na mstari wa kati, kanyaga pedali. Kutumia pedali kuirudisha ndege kwenye mstari ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

Pima upepo kwanza. Ukitoka nyuzi 30 pembeni ya barabara, sehemu inayokusukuma ni nusu ya upepo wote; nyuzi 45 ni karibu 0.7, nyuzi 60 ni karibu 0.9. Upepo wa noti 20 kwa nyuzi 30 una noti 10 za ubavuni. Kwa Cessna 172S kiwango cha juu kilichothibitishwa na watengenezaji ni noti 15. Rubani mpya ajiwekee kikomo cha chini zaidi akishauriana na mwalimu wake.

Njia inayofundishwa sana kwa ndege ndogo ni kushuka pua ikielekea upepo, halafu karibu na kunyanyua pua kuinyoosha kwa pedali na wakati huo huo kuinamisha bawa la upande upepo unakotoka. Gurudumu la upande huo linagusa kwanza, la pili linafuata, la mbele mwisho. Inaonekana vibaya kwa abiria na ni sahihi kabisa.

Yanayoharibika hapa:

- Bawa linanyooshwa sekunde ya mwisho. Rubani ametunza mwinamo vizuri hadi futi 5, kisha silika inamwambia mabawa yawe sawa. Ndege inasukumwa papo hapo na kugusa ikienda upande, mzigo wote ukiingia ubavuni mwa miguu ya magurudumu.
- Eileroni (vibao vya mabawani vinavyoinamisha ndege) inalegezwa baada ya kugusa. Kinyume ndicho kinachotakiwa: kasi inavyopungua eileroni hupoteza nguvu, hivyo usukani uzidi kugeuzwa kuelekea upepo hadi ufike mwisho.
- Gurudumu la mbele linashushwa pedali ikiwa imekanyagwa. Kwenye PA-28 gurudumu hilo limeunganishwa moja kwa moja na pedali, kwa hiyo linapogusa likiwa limepinda, ndege inaruka pembeni. Rudisha pedali katikati muda mfupi kabla halijagusa.

Kipimo cha kusitisha ni rahisi. Ukiwa kwenye mkondo wa mwisho, kanyaga pedali hadi mwisho. Kama pua bado hainyooki na barabara, upepo huo umeizidi ndege, na ustadi haubadilishi hilo. Tafuta barabara nyingine au uwanja mwingine.

Dalili: imegusa salama, kisha inageuka ghafla

Angalia kwanza miguu yako. Visigino viwe sakafuni na ncha za miguu chini ya pedali, mbali na breki. Kugusa barabara ukiwa umekanyaga breki hulifunga tairi, na tairi lililofungwa husagika upande mmoja au kupasuka.

Miguu ikiwa safi, sababu inayofuata ni upepo kuusukuma mkia, na pua ikageukia upepo unakotoka. Kisha kuna kubebwa na gurudumu la mbele: rubani anasukuma usukani baada ya kugusa ili ndege ikae, magurudumu makuu yanabaki mepesi, na ndege yote inazungukia gurudumu la pua. Legeza msukumo huo mara moja. Baada ya hapo ndipo ufikirie vifaa: tairi lisilo na upepo wa kutosha, breki ya upande mmoja inayoburuza, au fimbo za usukani zilizolegea. Breki inayoburuza hugundulika ukiwa ardhini kwa ndege kuvuta upande mmoja inapotembea polepole.

Ndege zenye gurudumu la mkiani ni habari nyingine. Kitovu chao cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, hivyo mgeuko mdogo hujikuza wenyewe. Zinahitaji mafunzo yake.

Dalili: pua inatetema baada ya kugusa

Vuta usukani. Ikiacha, ulikuwa umeliwekea uzito mwingi gurudumu la mbele kwenye kasi kubwa. Lishikilie juu kwa muda mrefu zaidi safari ijayo. Isipoacha, fundi akague shinikizo na uwiano wa tairi, boliti za mikono inayounganisha sehemu ya juu na ya chini ya mguu wa mbele, kisha kizuia mtetemo, ambacho mara nyingi kimepungukiwa mafuta. Usiendelee kuruka ukiuzoea mtetemo huo. Unayapanua mashimo ya boliti.

Dalili: breki hazishiki

Kwenye barabara yenye maji, tairi linaweza kupanda juu ya maji lisiguse lami. Kadirio linalotumika: zidisha kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi katika PSI (pauni kwa inchi ya mraba) kwa 9. Tairi la PSI 36 huanza kuteleza hivyo kwenye noti 54. Likiwa halijaanza kuzunguka, tumia 7.7 na upate noti 46. Hizo ni kasi za kawaida za kugusa. Achia breki, shikilia usukani nyuma mwili wa ndege ukinzane na hewa, na ukanyage tena kasi ikishuka chini ya hapo.

Barabara ikiwa kavu na pedali ni laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mfumo au mafuta yanavuja. Usiongeze mafuta ya breki ya gari. Ndege nyingi ndogo hutumia mafuta mekundu ya madini, na yale ya gari huharibu mipira ya mfumo mzima.

Jambo moja kuhusu flapu: wako wanaozipandisha wakiwa bado wanakimbia barabarani ili uzito ukae kwenye magurudumu. Kwa ndege yenye magurudumu yanayokunjwa, mkono unaotafuta kitasa cha flapu kwa haraka unaweza kushika cha magurudumu. Subiri utoke barabarani.

Lini ndege isiruke tena hadi fundi aione

Ndege isiruke, hata kwa mzunguko mmoja, kama kuna mojawapo ya haya:

- Propela imegusa chochote. Kunyoosha ncha hakutoshi. Mshtuko huo hupita hadi kwenye mhimili na gia za ndani, na injini inatakiwa kufunguliwa na kukaguliwa.
- Umetua kwa kishindo na sasa kuna mikunjo kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Kwenye Cessna 172 mguu wa mbele umefungwa hapo, na ndipo panapoumia kwanza. Milango isiyofunga kama zamani, au riveti zilizoacha alama nyeusi kandokando, ni ushahidi wa aina hiyo hiyo.
- Tairi lina bapa, nyuzi zinaonekana, au shokomzoba imelala.
- Mkia umegusa lami, hata kama rangi tu ndiyo iliyokwaruzwa.

Hilo la mwisho liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege bila kulipunguza uzito, hasa kwa ndege zenye kabini ya shinikizo. Boeing 747 ya Japan Airlines iligonga mkia ikitua Osaka mwaka 1978 na ikarekebishwa kimakosa. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta wa nyuma wa shinikizo ulipasuka ikiwa angani, na watu 520 wakafa.

Na kama ndege haina alama yoyote lakini wewe umepata dalili ile ile mara tatu mfululizo, ndege iegeshwe vilevile. Mpigie mwalimu, umweleze kasi uliyokuwa nayo ukipita mwanzo wa barabara na mahali macho yako yalipokuwa, kisha mruke pamoja.